Kupanga vipindi vya maktaba Nyanda za Juu Kusini, na watu wakaja

Darasa langu la kwanza la kompyuta nililitangaza Jumamosi moja ya Februari, saa tatu asubuhi. Kompyuta tano zilikuwa zinawaka, ubao umefutwa, na daftari la mahudhurio nilikuwa nimelipigia mistari kwa rula usiku wa kuamkia siku hiyo. Walikuja watu wawili, na mmoja wao alikuwa amefuata gazeti. Nikakaa pale nikilalamika kwamba watu wa hapa hawapendi kujifunza, mpaka mama anayeuza vitumbua nje ya geti akanikatisha: "Mwanangu, mwezi huu wa pili nani hana palizi?"

Kila nilichojifunza baadaye kuhusu vipindi vya maktaba kimetoka kwenye swali hilo. Mwongozo huu ni kwa mkutubi, mwalimu au kijana wa kujitolea aliyeko Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe au Tukuyu, ambaye ana chumba, rafu za vitabu na hamu ya kufanya kitu, lakini viti vyake vinabaki vitupu.

Hatua ya 1: Chora mwaka wa watu kwanza

Chukua manila moja, gawa miezi 12, kisha usiandike chochote kuhusu maktaba. Andika watu wanafanya nini.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili, na Rungwe huchelewa zaidi kukatika. Novemba na Desemba watu wanapanda, Januari na Februari wanapalilia, na kuanzia Mei wanavuna, wanakausha na kupukuchua. Usidhani hayo ni ya vijijini tu. Mjini Mbeya karani wa ofisi ana ekari yake Mbalizi au Chimala, na Jumamosi ndiyo siku yake ya shamba.

Juu ya hapo weka shule. Likizo kubwa ni Juni na Desemba. Kidato cha sita hufanya mtihani Mei, darasa la saba Septemba, kidato cha nne Novemba. Kisha weka baridi. Juni na Julai Njombe na Makete hupigwa sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, na chumba chenye sakafu ya saruji kinakuwa kama friji. Mwisho weka Nane Nane: wiki ya kwanza ya Agosti nusu ya watu unaowataka wako viwanja vya John Mwakangale, na nusu nyingine wanawauzia hao chakula.

Ukimaliza, nafasi zitajionyesha zenyewe. Machi na Aprili palizi imekwisha na mvua bado ipo, kwa hiyo watu wazima wana muda na hawana pa kwenda: weka kompyuta. Juni ni ya watoto, lakini anza saa nne jua likishapanda, si saa mbili. Kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba mkulima ameshauza gunia mbili tatu na ametulia. Hapo ndipo pa kumwita afisa ugani au mtafiti kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole aje kuzungumza juu ya viazi au parachichi. Septemba hadi Novemba chumba cha pembeni kiachie watahiniwa. Desemba tumia wiki mbili za mwanzo tu, maana baada ya hapo watu wako kwenye mabasi.

Siku za wiki nazo zina wenyewe. Ijumaa mchana ni ya msikitini. Jumamosi, ambayo kila mgeni anadhani iko wazi, ina Wasabato, jumuiya za asubuhi, mazoezi ya kwaya jioni, harusi na misiba. Kwa wanawake wa sokoni Mwanjelwa niliona Jumatano alasiri inawafaa kuliko siku yoyote. Wa kwako waulize, na kama mji wako una gulio, siku hiyo usithubutu.

Hatua ya 2: Weka daftari kaunta kwa wiki mbili

Usigawe dodoso. Ukimuuliza mtu wa huku kwa karatasi kama angependa darasa la ujasiriamali, atajibu ndiyo ili asikuvunje moyo, na siku yenyewe humwoni. Badala yake andika kila swali linaloulizwa kaunta, neno kwa neno.

Daftari letu lilijaa maneno ya namna hii: "Mnachapa CV hapa?" "Nimetumiwa kodi sijui ya nini kwenye simu, mnaweza kunisaidia?" (alimaanisha kodi ya kuthibitisha akaunti, wala si ya mapato). "Mkopo wa chuo unaombwaje?" "Biolojia ya kidato cha tatu ipo?" Hakuna hata mmoja aliyeomba "utangulizi wa kompyuta," na hilo ndilo jina nililokuwa nimelipa darasa langu. Nikalibadilisha likawa "Kuomba ajira mtandaoni." Kompyuta zilikuwa zilezile, mwalimu yuleyule, na wiki ya pili nafasi ziliisha.

Hatua ya 3: Chagua vitatu, omba ruhusa

Vipindi vitatu vinatosha kwa msimu: kimoja cha watoto, kimoja cha watu wazima, kimoja cha wanafunzi. Ratiba ya vipindi tisa hupendeza ukutani tu.

Ruhusa isisahaulike. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963 na kuundwa upya kwa sheria ya 1975, kwa hiyo mkuu wa maktaba ya mkoa ndiye wa kuandikiwa. Kama ni maktaba ya shule ni mwalimu mkuu. Kama ni chumba cha kata ni mtendaji. Barua ya ukurasa mmoja: nini, lini, nani atafunga mlango.

Hatua ya 4: Darasa la kompyuta

Kompyuta tano, wanafunzi kumi, dakika 90, mara sita. Kila kompyuta ina watu wawili: mmoja dereva, mwingine kondakta. Dereva anashika mausi na kibodi. Kondakta anasema la kufanya lakini haruhusiwi kugusa. Kila baada ya dakika 15 wanabadilishana. Bila sheria hii kijana aliyemaliza kidato cha nne atafanya kila kitu na mama aliye pembeni yake ataondoka akiwa ametazama sinema. Wewe mwalimu mikono yako iwe mgongoni. Ukinyoosha tu mkono kumsaidia mtu kubonyeza, umemnyang'anya somo.

Siku ya kwanza tumia mchezo wa karata uliomo kwenye kompyuta. Wengine watakuona unapoteza muda, lakini kuburuta karata kutoka hapa kwenda pale ndiko kunakoufundisha mkono. Nimemwona mzee mstaafu, aliyeongoza watu ofisini miaka mingi, akiinua mausi hewani na kuielekeza kwenye skrini kama rimoti ya televisheni. Hakuna aliyecheka, maana wenzake nao walikuwa wanasubiri kuona kama itafanya kazi. Baada ya nusu saa ya karata alikuwa anatuonyesha sisi.

Siku ya pili ni kuandika: barua fupi ya kuomba ruhusa kazini, na kuihifadhi. Siku ya tatu ni barua pepe, na hapa ndipo madarasa mengi hukwama kwa kitu kidogo. Kufungua akaunti kunadai namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Mtu amekuja bila simu, au simu ipo lakini laini iliyosajiliwa iko kwa mtoto wake Makambako. Mwambie mapema aje na simu yenye laini yake, ina chaji. Nenosiri aliandike kwenye daftari la nyumbani, si nyuma ya kava la simu.

Siku ya nne ni kuskani vyeti na kuvifanya PDF yenye ukubwa unaokubalika. Chezeni na hili muda mrefu. Cheti kilichopigwa picha kitandani, na kona ya shuka la maua ikionekana, kimewaangusha wengi.

Siku ya tano jazeni maombi yenyewe. Kwa anayetafuta kazi serikalini ni Ajira Portal, na bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, hafiki mbali. Kwa anayekwenda chuo ni mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, ambao unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Uhakiki huo usingojewe mpaka dirisha la maombi lifunguliwe, kwani siku za mwisho kila mtu nchini yuko kwenye mfumo uleule na ukurasa unazunguka tu.

Siku ya sita ni usalama. Anza na ujumbe ambao kila Mtanzania ameshaupata, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Chumba kitachangamka, kila mtu ana kisa. Toka hapo uwaonyeshe barua pepe za ajira za uongo zinazodai ada, kisha umalizie na jambo la maktaba: kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Kila wiki huwa nakuta barua pepe ya mtu iko wazi kwenye kompyuta namba tatu.

Umeme utakatika. Usipange kana kwamba hautakatika. Weka laptopu moja ya zamani yenye betri nzima, uipakie programu ya Kiwix pamoja na Wikipedia ya Kiswahili. Inasomeka bila intaneti wala bando. Pia chora kibodi kwenye vipande vitano vya manila. Watu watafanya mazoezi ya vidole juu ya karatasi mpaka taa zirudi, na wengine huomba kwenda nazo nyumbani.

Hatua ya 5: Saa ya hadithi ya watoto

Iite saa, lakini iwe dakika 45. Wa miaka mitano hadi tisa wakae peke yao. Wa kumi na kuendelea watawasumbua na watachoka. Tandika mkeka, na kama uko Njombe au Mufindi tandika magunia chini ya mkeka.

Usianze kwa "watoto, leo tutasoma." Anza kwa kelele: "Paukwa!" nao waitikie "Pakawa!" Rudia mpaka wa mwisho aliyejificha nyuma ya dada yake aitikie. Baada ya hapo vitendawili viwili, kimoja chako na kimoja cha mtoto. Hadithi ije wakiwa wameshasahau kwamba wako maktaba.

Kitabu kisome nyumbani kwa sauti mara mbili kabla ya siku. Nilidhani mimi nasoma vizuri. Mara ya kwanza nilikwama kwenye jina la ndege ukurasa wa tatu na watoto wakalitamka kabla yangu. Kama vitabu vya picha ni vichache, na ni vichache kila mahali, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili zenye leseni huria: unachapa, unabana kwa stepla, na mtoto anaondoka na cha kwake.

Mara moja kwa mwezi mwalike bibi au babu. Aanze kwa salamu ya hapo, "Ugonile" kwa Wanyakyusa au "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, asimulie kwa lugha yake kipande kifupi, na mtoto anayeijua akitafsiri kwa Kiswahili kwa wenzake. Watoto waliozaliwa mjini wengi hawaijui, na ni vizuri wasikie mwenzao anayeijua akiwa ndiye mwenye kuhitajika. Bibi mpe kiti chenye egemeo na chai ya moto. Usimkate akizidisha muda, mpangie mwisho wa kipindi.

Wale wa miaka kumi hadi kumi na tatu nawapa mchezo wa kuwinda namba. Vitabu vya maktaba vimepangwa kwa mfumo wa Dewey, na watoto hudhani namba zile mgongoni mwa kitabu ni bei. Gawa vikaratasi: 896.392 ni fasihi ya Kiswahili, 635.21 viazi mviringo, 633.15 mahindi, 634.653 parachichi. Katika maktaba ndogo namba hukatwa fupi, utakuta 634 tu, kwa hiyo pita rafuni kwanza uandike namba zilizopo kweli. Wape dakika kumi waende wawili wawili, bila kukimbia. Siku moja nilimtuma mtoto kutafuta viazi akarudi na kitabu cha 641.5, cha mapishi. Nikamwambia amekosea. Akafungua ukurasa wa chipsi akanionyesha. Nilimpa alama.

Mwisho wa kipindi kila mtoto ajue utaratibu wa kuazima, na mzazi aelezwe kaunta masharti ya uanachama ya maktaba yenu. Mtoto aliyewinda kitabu mwenyewe anataka kwenda nacho nyumbani siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kikundi cha watahiniwa

Hawa tayari wako maktaba. Wengi ni wanaorisiti, yaani wanaorudia mtihani, kama watahiniwa wa kujitegemea. Wanaingia saa mbili, wanakaa meza ileile, na wanakariri peke yao mpaka jioni. Kazi yako ni kuwakutanisha watano watano kwenye chumba cha pembeni, ili waongee bila kuwaudhi wengine.

Wasianze kwa mitihani ya zamani tu. Baraza la Mitihani (NECTA) hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, nazo zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Mle ndani kuna swali, kilichotakiwa, na sampuli za majibu yenyewe kwa mwandiko wa watahiniwa, mazuri na mabaya. Chapa kurasa chache za somo moja. Funika maelezo, waonyeshe jibu baya, waulize limekosea wapi. Saa moja ya kubishana juu ya jibu baya huzidi siku nzima ya kukariri, na hilo nalisema kama mtu aliyefeli hesabu mara ya kwanza kwa kukariri.

Vitabu vya kiada ambavyo rafu zenu hazina, vitafute kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Wasaidizi wapo: Mbeya kuna wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, Iringa kuna walimu tarajali wa chuo cha Mkwawa. Waombe wiki nne tu, zenye tarehe. Ukimwambia mwanafunzi wa chuo "uwe unakuja," hatakuja. Na ambaye hajamaliza sekondari kabisa mwelekeze Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ina ofisi mikoani.

Kikundi kifungwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Mabinti wanapanda kurudi Isanga au Kihesa kwa miguu, na siku ya wingu la mvua giza huingia mapema.

Hatua ya 7: Tangazo

Tangazo liseme mtu atatoka na nini. Hili ndilo lililotufaa:

KUOMBA AJIRA MTANDAONI
Kila Jumatano mara sita, kuanzia Machi 6
Saa 8:30 mchana hadi saa 10:00 jioni
Utatoka na: barua pepe yako, vyeti vilivyoskaniwa, maombi yaliyojazwa
Njoo na: simu yenye laini yako, namba ya NIDA, vyeti halisi
Nafasi 10. Jiandikishe kaunta
Ambaye hajawahi kushika kompyuta ndiye tunayemtaka

Mstari wa mwisho niliuongeza kwa kalamu, nafasi ilipobaki. Sita kati ya kumi waliniambia ndio uliowaleta.

Karatasi ya ukutani maktaba inasomwa na waliokwisha kuja. Peleka nakala kwa katibu wa usharika kabla ya Ijumaa ili isomwe kwenye matangazo ya Jumapili, msikitini, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye kibanda cha wakala wa pesa na kijiwe cha bodaboda. Kwa saa ya hadithi, makundi ya WhatsApp ya wazazi yanatosha. Vikoba vina siku yao ya kukutana. Omba dakika tano, ongea ukiwa umesimama, uondoke.

Hatua ya 8: Siku yenyewe na daftari

Fika saa moja kabla. Washa kompyuta zote, maana moja itaanza kujisasisha. Andikisha watu 13 kwa nafasi 10. Watatu hawatafika kwa sababu ya msiba. Mvua kubwa ikinyesha saa nane, subiri dakika 20, wako wamejikinga kwenye baraza za maduka.

Daftari liwe na safu chache: jina, mtaa, amekuja mara ya ngapi, alisikia wapi. Namba ya simu ichukue pale tu unapoihitaji, na usiliache daftari wazi kaunta. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hili si suala la adabu tu. Picha za watoto zisipigwe bila ridhaa ya mzazi, hata kama mfadhili anazidai.

Ongeza safu moja ambayo hakuna fomu inayoiomba: sababu ya asiyekuja. Mpigie simu, bila lawama, umuulize tu. Yangu ya msimu uliopita inasomeka hivi: palizi, msiba, mtoto mgonjwa, palizi, hakupata nauli, alidhani ni ya wasomi, palizi. Kabla ya kupanga msimu ujao, iweke safu hiyo pembeni ya manila uliyochora hatua ya kwanza, uone ni mwezi gani uliukosea.